Matbaa za wanyonge: Mitambo ya chapa iliyobeba sauti ya harakati nchini Kenya

HISTORIA ya ukombozi wa Kenya huelezwa aghalabu kupitia kwa majina ya viongozi waliohutubia umati, waliofungwa au waliobeba silaha msituni. Ni nadra kumsikia mtu akimtaja mpanga herufi aliyekesha katika chumba chenye joto jijini Nairobi, vidole vikiwa vyeusi kwa wino, ili kikaratasi cha wito wa mgomo kiwe kimefika mitaani kabla ya jua kuchomoza.

Hata hivyo, bila ya mpanga herufi huyo, wengi wa viongozi hao wasingesikika nje ya mitaa yao. Sheria za kikoloni zilidhibiti mikutano. Redio ilikuwa mikononi mwa serikali. Magazeti makubwa yalimilikiwa na walowezi. Njia iliyosalia ilikuwa kuimiliki matbaa, kuikodi au kumpata rafiki aliyekuwa nayo.

Makala haya yanaangazia matbaa hizo: zilianzia wapi, zilimilikiwa na nani, zilifanya kazi vipi na zilikumbwa na masaibu gani tangu miaka ya 1920 hadi utawala wa chama kimoja ulipofikia kikomo.

Matbaa ya harakati ni nini?

Matbaa ya harakati ni karakana ya kupiga chapa ambayo, pamoja na kujitafutia riziki, huchapisha maandishi ya watu wanaopigania jambo la umma, kama vile chama cha wafanyakazi, chama cha siasa, wakulima walionyang'anywa ardhi au wanafunzi.

Umiliki wake hutofautiana. Zipo matbaa zilizonunuliwa kwa hisa za wanachama wengi. Zipo zilizokuwa mali ya familia moja iliyoamua kusimama na wanyonge. Zipo pia zilizomilikiwa na mwandishi mwenyewe, aliyechoshwa na kuwabembeleza wachapishaji wengine. Nchini Kenya aina zote tatu zilikuwepo.

Jambo lililoziunganisha ni hatari. Serikali ilipokasirishwa na maandishi, haikumtafuta mwandishi peke yake. Ilimtafuta aliyepiga chapa, aliyeuza na hata aliyepatikana na nakala mfukoni.

Mwanzo: Wamishonari, walowezi na Wahindi

Mitambo ya mwanzo ya chapa katika eneo hili ililetwa na wamishonari na wafanyabiashara. Huko Nyeri, wamishonari wa Consolata walianza kuchapisha Wathiomo Mukinyu kwa lugha ya Kikikuyu mnamo 1916. Lengo lilikuwa kueneza dini, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba kizazi kizima kilizoea kuliona neno la lugha ya mama likiwa limepigwa chapa.

Gazeti lililokuja kuwa sauti kuu ya walowezi, East African Standard, lilianzishwa Mombasa mnamo 1902 na mfanyabiashara Mhindi, A. M. Jeevanjee, likiitwa African Standard. Jeevanjee aliliuza mnamo 1905, na wamiliki wapya wakaligeuza kuwa mtetezi wa maslahi ya wazungu.

Wahindi hawakuachana na kazi ya chapa. Walikuwa na ujuzi, walikuwa na mtaji mdogo wa kuagiza mitambo kutoka ng'ambo, na wao wenyewe walikuwa na malalamiko dhidi ya serikali iliyowanyima ardhi katika nyanda za juu na kuwabagua katika uwakilishi. Ndiyo sababu matbaa nyingi zilizowafungulia Waafrika milango zilikuwa zao.

Harry Thuku na vikaratasi vya 1921

Harry Thuku, aliyeongoza chama cha East African Association, aliijua kazi ya chapa kabla ya kuijua siasa. Katika ujana wake aliajiriwa kupanga herufi katika gazeti la walowezi lililoitwa Leader. Baadaye akawa mpokezi wa simu katika idara ya hazina ya serikali.

Alipoanza kupinga kodi, kipande na kazi ya kulazimishwa mnamo 1921, Thuku alimpata rafiki katika Manilal Desai, mwanasiasa Mhindi aliyechapisha gazeti la East African Chronicle jijini Nairobi. Desai alimruhusu kuitumia ofisi yake, na vikaratasi vya Thuku vikapigwa chapa hapo. Baadhi viliandikwa kwa Kiswahili ili vieleweke na wafanyakazi wa kila kabila.

Serikali ilimkamata Thuku mnamo Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye, umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa ulifyatuliwa risasi. Takwimu rasmi zilitaja vifo vya watu 21, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewakemea wanaume kwa kusita. Ushirikiano ule wa Thuku na Desai ulikuwa umeonyesha njia ambayo wengine wangeifuata kwa miaka 30.

Mnamo Mei 1928, chama cha Kikuyu Central Association kilizindua jarida la kila mwezi, Muigwithania, yaani mpatanishi. Mhariri wake alikuwa katibu mkuu wa chama, Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye alijulikana kama Jomo. Kwa mara nyingine matbaa ya Mhindi ndiyo iliyotumika, ile ya Sitaram Achariar, mmiliki wa gazeti la Democrat. Muigwithania lilitoka kwa vipindi hadi chama hicho kilipopigwa marufuku mnamo 1940.

Makhan Singh: Matbaa ya mfanyakazi

Hakuna aliyeunganisha matbaa na mgomo wa wafanyakazi kama alivyofanya Makhan Singh. Alizaliwa Punjab mnamo 1913 na kuletwa Kenya mnamo 1927. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa seremala wa reli na mmoja wa waasisi wa chama cha mafundi wa reli. Baadaye Sudh Singh aliingia katika biashara ya chapa jijini Nairobi kupitia kwa Punjab Printing Press, na mwanawe akafanya kazi humo baada ya kumaliza masomo.

Mnamo 1935, Makhan Singh akawa katibu wa chama cha Labour Trade Union of Kenya, kilichofungua milango kwa wafanyakazi wa rangi zote. Katika koloni ambako hata vyoo vilitengwa kwa rangi, hatua hiyo ilikuwa ya kijasiri.

Kuwa karibu na mtambo wa chapa kulikipa chama hicho nguvu ambayo vyama vingine havikuwa nayo. Waajiri walipotoa kauli asubuhi, chama kingeweza kuijibu kwa kikaratasi bila ya kusubiri hisani ya gazeti lolote. Mnamo 1937, chama kiliongoza mgomo uliodumu siku 62 jijini Nairobi. Ulipokamilika, waajiri walikitambua chama na kukubali nyongeza ya mishahara ya kati ya asilimia 15 na asilimia 22.

Makhan Singh alizuiliwa nchini India kuanzia 1940 hadi 1945. Alirejea Kenya mnamo 1947 na Mei 1, 1949, yeye na Fred Kubai wakawa miongoni mwa walioasisi East African Trade Unions Congress. Mnamo Aprili 23, 1950, katika mkutano wa hadhara ukumbini Kaloleni, alidai uhuru kamili kwa nchi za Afrika Mashariki. Mei 15 mwaka huo alitiwa mbaroni pamoja na Kubai, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Aliwekwa kizuizini kaskazini mwa nchi, Lokitaung, Maralal na Dol Dol, hadi Oktoba 1961.

Vidyarthi na gharama ya ujasiri

Girdhari Lal Vidyarthi alizaliwa Nairobi mnamo 1907. Mnamo 1933 alianzisha gazeti la Colonial Times, ambalo falsafa yake ilikuwa kusema bila ya kuficha na bila ya kuogopa. Alilichapisha katika matbaa yake mwenyewe, na humo pia akatoa gazeti la Kiswahili, Habari za Dunia, lililowapa Waafrika nafasi ya kueleza malalamiko yao.

Gharama haikuchelewa. Katika miaka ya 1940, Vidyarthi alishtakiwa kwa uchochezi zaidi ya mara moja na kufungwa gerezani. Habari za Dunia likafifia. Hata hivyo, mnamo 1952 alianzisha gazeti jingine la Kiswahili, Jicho.

Mfano wa Vidyarthi unafafanua jinsi matbaa hizi zilivyojikimu. Magazeti ya harakati hayakupata matangazo mengi ya kampuni za kizungu. Aliyetaka kuyachapisha ilimbidi ajipatie riziki kwa kazi nyingine, kama vile kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda na lebo za bidhaa. Faida ya kadi ya harusi ndiyo iliyolipia karatasi ya makala ya siasa.

Ramogi: Matbaa ya wenye hisa

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Waafrika walitaka zaidi ya kukodi. Walitaka kumiliki.

Mfano bora wa umiliki wa pamoja ni Luo Thrift and Trading Corporation, shirika lililosajiliwa mnamo 1947 chini ya uongozi wa Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu Maseno. Odinga alizunguka miji ya Afrika Mashariki akiwauzia hisa wafanyakazi wa reli, makarani na wachuuzi. Lengo lake, kama alivyolifafanua baadaye katika kitabu chake cha 1967, Not Yet Uhuru, lilikuwa kuthibitisha kwamba Mwafrika anaweza kuendesha shughuli zake mwenyewe bila ya msimamizi.

Miongoni mwa miradi ya shirika hilo ilikuwa Ramogi Press jijini Nairobi. Achieng Oneko alikuwa mhariri wa gazeti la Ramogi, lililoandikwa kwa Kijaluo. Pia lilitoka Nyanza Times. Matbaa hiyo haikujifungia katika lugha moja; magazeti ya jamii nyingine nayo yalipigwa chapa humo.

Hapa ndipo umuhimu wa umiliki wa pamoja unapojitokeza. Mchapishaji mmoja akitishwa, huenda akafunga duka ili kuiokoa familia yake. Shirika la wenye hisa wengi halitishiki kwa wepesi huo, kwani kila mwenye hisa huiona matbaa kuwa yake na huliuza gazeti katika mji anakoishi. Kwa upande mwingine, mali ya wengi huhitaji hesabu safi na subira, na wanachama waliotarajia gawio hawakuridhika daima kuona fedha zao zikigeuka karatasi na wino.

Mumenyereri: Mwandishi anunua mtambo

Henry Muoria alizaliwa mnamo 1914 na alifanya kazi katika shirika la reli. Alijifunza uandishi kwa juhudi zake mwenyewe. Mnamo 1945 alichapisha kitabu chake cha kwanza kwa Kikikuyu, na mwaka uo huo akaanzisha Mumenyereri, yaani mlinzi.

Gazeti hilo lilianza likitoka mara moja kwa mwezi. Baadaye likawa la kila wiki, kisha likatoka mara mbili kwa wiki. Mwanzoni Muoria alitegemea matbaa za Wahindi. Alipopata mapato ya kutosha, alijinunulia mtambo wake. Mkewe, Ruth Nuna, alishirikiana naye katika kazi za ofisi. Kufikia 1952, nakala zipatazo 10,000 zilikuwa zikiuzwa kila toleo, na kwa kuwa nakala moja ilisomwa kwa sauti mbele ya watu wengi sokoni na kwenye vibanda vya chai, idadi ya waliofikiwa ilikuwa kubwa mno kuliko idadi ya walionunua.

Mnamo 1952 Muoria alisafiri kwenda London. Angali huko, hali ya hatari ikatangazwa na Mumenyereri likapigwa marufuku. Hakurejea kuishi Kenya tena. Mtu aliyekuwa mhariri na mmiliki wa matbaa aliishia kufanya kazi katika reli ya chini ya ardhi jijini London, ambako aliaga dunia mnamo 1997.

Kazi ilivyofanywa

Kwa msomaji wa leo aliyezoea kubonyeza kitufe, inafaa kueleza jinsi ukurasa mmoja ulivyotengenezwa.

Herufi zilikuwa vipande vidogo vya risasi vilivyohifadhiwa katika trei yenye vyumba vingi, kila chumba kwa herufi yake. Mpanga herufi alisoma mswada, akachukua herufi moja moja kwa mkono na kuzipanga kinyumenyume, kwani karatasi ingezigeuza. Mstari ukikamilika, aliutia mwingine chini yake. Ukurasa mzima ulifungwa kwa fremu ya chuma, ukapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Nakala ya kwanza ilisomwa ili kusahihisha makosa. Baada ya uchapishaji, kila herufi ilirudishwa katika chumba chake ili itumiwe tena.

Kazi hiyo ilikuwa ya polepole na ilihitaji mtu aliyejua kusoma vizuri. Haishangazi basi kwamba karakana za chapa zilikuwa shule za siasa. Mpanga herufi aliyasoma maneno ya Thuku au ya Makhan Singh kabla ya mtu mwingine yeyote, na aliyasoma herufi kwa herufi.

Usambazaji nao ulikuwa sanaa. Vifurushi vilisafirishwa kwa reli na mabasi, wafanyakazi wa reli wakiwa viungo muhimu. Wasiojua kusoma walisomewa.

Oktoba 1952: Mitambo yanyamazishwa

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950, vijigazeti vilikuwa vimeenea kama uyoga baada ya mvua. Bildad Kaggia alihariri Inooro ria Agikuyu. Paul Ngei alitoa gazeti la Kikamba na jingine la Kiswahili, Uhuru wa Mwafrika. Gakaara wa Wanjau, mzaliwa wa 1921, alichapisha vijitabu na nyimbo, akifuata nyayo za watunzi kama Kinuthia wa Mugia, ambao vitabu vyao vya nyimbo vilitumia lahani za tenzi za kanisani kubeba ujumbe wa ardhi na uhuru. Askari wa kikoloni aliyesikia lahani aliyoizoea hakutambua upesi kwamba maneno yalikuwa yamebadilika.

Serikali iliona hatari. Mnamo 1950 ilikaza sheria ya adhabu ili iwe na uwezo zaidi juu ya matbaa zilizopatikana na hatia ya kuchapisha maandishi ya uchochezi. Hatimaye, mnamo Oktoba 20, 1952, hali ya hatari ikatangazwa. Magazeti ya Kiafrika yaliyohusishwa na harakati yakapigwa marufuku na wahariri wake wakatiwa mbaroni.

Inafaa kutambua kwamba kati ya washtakiwa sita wa Kapenguria, angalau wanne walikuwa wamewahi kuhariri magazeti: Kenyatta, Oneko, Kaggia na Ngei. Ripoti ya F. D. Corfield kuhusu chanzo cha Mau Mau, iliyotolewa na serikali mnamo 1960, nayo iliyalaumu magazeti ya lugha za Kiafrika. Kwa hakika, lawama hizo ni ushahidi wa nguvu yaliyokuwa nayo.

Si wote walionyamaza. Pio Gama Pinto, aliyewahi kulihariri gazeti la Daily Chronicle, aliendelea kuwasaidia wapiganaji hadi alipozuiliwa mnamo 1954. Alipoachiliwa alianzisha gazeti la chama cha Kanu, na baada ya uhuru akaongoza Pan African Press. Aliuawa kwa kupigwa risasi Nairobi mnamo Februari 24, 1965. Ambu Patel, aliyekuwa mjalidi wa vitabu jijini Nairobi, naye aliitumia karakana yake katika kampeni ya kudai kuachiliwa kwa Kenyatta, na mnamo 1963 akachapisha kitabu kuhusu kampeni hiyo.

Baada ya uhuru: Stensili na usiku wa manane

Wengi walitarajia kwamba bendera mpya ingemaanisha uhuru wa matbaa. Haikuwa hivyo. Sheria za uchochezi za mkoloni zilibaki vitabuni, na serikali ya Waafrika ikazitumia dhidi ya Waafrika.

Katika miaka ya 1980, harakati za chini kwa chini hazikuweza kuingia katika karakana ya kawaida ya chapa. Zilitumia taipureta, karatasi ya stensili na mashine ya kuzungusha kwa mkono. Herufi za taipureta zilitoboa stensili, wino ukapenya kwenye matundu hayo na kutua kwenye karatasi. Mashine hiyo ingeweza kufichwa ndani ya chumba cha kulala na kuhamishwa usiku.

Hivyo ndivyo vuguvugu la Desemba 12 lilivyotoa Pambana mnamo Mei 1982, na baadaye Mwakenya wakatoa Mpatanishi, jina lenye maana ile ile ya Muigwithania ya 1928. Kupatikana na nakala ya karatasi hizo kulitosha kumpeleka mtu gerezani. Msako wa 1986 uliwakumba wahadhiri, wanafunzi, wakulima na wafanyakazi, na wengi walisimulia mateso waliyoyapata katika vyumba vya chini vya Nyayo House.

Gakaara wa Wanjau, aliyekuwa amezuiliwa na mkoloni kwa miaka mingi kisha akaanzisha matbaa yake Karatina, alikamatwa tena katika msako huo. Hiyo ilikuwa miaka miwili tu baada ya kutunukiwa tuzo ya Noma ya 1984 kwa kitabu chake cha kumbukumbu za kizuizini. Aliaga dunia mnamo 2001.

Wakenya waliokuwa uhamishoni nao walitafuta mitambo ya wenzao. Jijini London, kamati ya kutetea wafungwa wa kisiasa wa Kenya iliyoundwa mnamo 1982 ilipata makao katika New Beacon Books, duka la vitabu na shirika la uchapishaji.

Mashine ilipong'olewa vipuri

Kuelekea kurejea kwa siasa za vyama vingi, uwanja ulihamia kwenye majarida. Beyond, lililochapishwa na baraza la makanisa, lilipigwa marufuku mnamo 1988 baada ya kufichua udanganyifu katika uchaguzi wa mlolongo. Mhariri wake, Bedan Mbugua, alihukumiwa kwa kosa la kutowasilisha ripoti za mauzo, kosa la makaratasi lililotumika kuadhibu kosa la ukweli. Nairobi Law Monthly la Gitobu Imanyara lilipigwa marufuku mnamo 1990.

Kifungu cha 2A cha Katiba kilichoidhinisha chama kimoja kilifutwa Desemba 1991, lakini matbaa hazikusalimika. Mnamo Aprili 1993, polisi walivamia kampuni ya Fotoform jijini Nairobi, iliyochapisha majarida yaliyoikosoa serikali, na kuchukua vipuri vya mtambo wake ili usiweze kufanya kazi. Mbinu ilikuwa rahisi: mwandishi akifungwa, mwingine ataandika, mtambo ukizimwa, wote hunyamaza.

Kosa la uchochezi lilifutwa katika mageuzi ya 1997. Hata hivyo, mnamo 2002 dhamana inayotakiwa kwa mchapishaji wa gazeti iliongezwa kutoka Sh10,000 hadi Sh1 milioni. Walioitetea walisema ilinuiwa kuyakomesha magazeti ya udaku. Wakosoaji waliona kwamba Thuku, Muoria au Odinga wasingeweza kuchapisha ukurasa hata mmoja chini ya sharti kama hilo.

Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza katika Kifungu cha 33 na uhuru wa vyombo vya habari katika Kifungu cha 34.

Kilichosalia

Vijana walioandamana dhidi ya Mswada wa Fedha mnamo Juni 2024 hawakuhitaji herufi za risasi. Walitumia simu na mitandao ya kijamii, wakaueleza mswada kwa lugha mbalimbali za Kenya na kuyasambaza mabango yao kwa sekunde chache. Kwa hali hiyo, huenda mtu akauliza iwapo historia ya matbaa ina maana yoyote leo.

Ina maana kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umiliki. Thuku alitegemea hisani ya Desai. Muoria na Odinga walielewa kwamba hisani haitoshi. Wanaharakati wa leo huandika katika mitandao inayomilikiwa na kampuni za ng'ambo, na wanaweza kufungiwa kurasa zao bila ya maelezo. Swali la nani anamiliki mtambo halijazeeka.

Ya pili ni kumbukumbu. Karatasi ya Thuku ingeweza kufichwa kwenye paa la nyumba na kusomwa miaka 50 baadaye. Makhan Singh alihifadhi vikaratasi na nyaraka za chama chake, akazitumia kuandika historia ya vyama vya wafanyakazi nchini iliyochapishwa mnamo 1969. Nyaraka zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Maktaba ya Ukombozi, iliyofunguliwa Nairobi mnamo 2017, nayo inakusanya maandishi ya harakati, yakiwemo yale yaliyowahi kuwapeleka watu jela.

Hata hivyo, nakala nyingi zilichomwa na wenyewe kwa hofu ya msako, na nyingine zimeliwa na mchwa katika masanduku ya wazee. Pengine msomaji ana babu au nyanya aliyehifadhi gazeti lililokunjwa ndani ya Biblia au chini ya godoro. Kabla ya kulitupa, na alisome kwanza. Kisha alipeleke mahali litakapotunzwa.

Tarehe muhimu

1921: Vikaratasi vya Harry Thuku vyapigwa chapa Nairobi.

1928: Muigwithania lazinduliwa.

1933: Vidyarthi aanzisha Colonial Times.

1937: Mgomo wa siku 62 wa chama cha Makhan Singh.

1945: Muoria aanzisha Mumenyereri.

1947: Luo Thrift and Trading Corporation yasajiliwa.

1952: Hali ya hatari yatangazwa, magazeti ya harakati yapigwa marufuku.

1982: Pambana latolewa kisiri.

1993: Mtambo wa Fotoform wazimwa na polisi.

1997: Kosa la uchochezi lafutwa.